Presha ya Mafuta Baada ya Kubadilisha Regyuleta na Pampu: Soma Dalili Kabla ya Kugusa Skrubu

Wengi wanaoniletea Subaru Impreza na Forester za tabo (turbo, feni inayoisukumia injini hewa ya ziada) siku ya Jumamosi huwa tayari wameshaigusa skrubu ya regyuleta. Kisa ni kile kile. Jamaa amenunua regyuleta ya kurekebishika kule Grogan (ramani inaiita Kirinyaga Road, sisi bado ni Grogan), akaifunga pamoja na pampu ya lita 255 kwa saa. Gari likaanza kutoa moshi au kukata nguvu. Akachukua spana ya aleni, akazungusha nusu duru. Halikupona, akarudisha duru nzima upande wa pili. Akifika kwangu hakuna anayekumbuka skrubu ilikuwa wapi mwanzo, na magonjwa yamekuwa mawili: lile la kwanza na lile la spana.

Regyuleta haiongezi nguvu za farasi. Kazi yake ni kushikilia tofauti moja kati ya presha ya mafuta ndani ya reli (bomba linalogawia injekta mafuta) na presha ya hewa ndani ya manifoldi (njia ya hewa kuingia injini), ili injekta ikifunguka ikutane na hali ile ile, gari liwe limekwama kwenye foleni ya Museum Hill au linapanda Limuru Road tabo ikipuliza. Kwa magari mengi ya Kijapani ya tabo tofauti hiyo ni bari 3, yaani psi 43.5. Mpira mwembamba wa vakyumu (mfyonzo wa hewa) ndio unaoipelekea regyuleta habari za manifoldi. Tabo ikipuliza bari 1, reli lazima isome bari 4. Ikibaki 3 huku tabo inasukuma hewa kwenye mdomo wa injekta, mafuta yanatoka machache wakati ambapo injini inayahitaji zaidi, na pistoni ndizo zinazolipa.

Na kwa anayedhani kupandisha presha ni njia ya mkato ya kupata injekta kubwa: mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha. Kutoka bari 3 hadi bari 4 presha imepanda kwa theluthi nzima, lakini injekta ya 550 (sentimita za ujazo kwa dakika) inakuwa kama 635, nyongeza ya asilimia 15 tu. Pampu nayo, kadiri inavyosukumana na presha kubwa, ndivyo inavyotoa mafuta machache. Unaongeza kwa kijiko, unapoteza kwa upawa.

Maelezo haya ni ya magari ambayo injekta inamwaga mafuta kwenye manifoldi na kuna paipu ya kurudisha mafuta tangini. Injini zinazopiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama za Golf GTI za TSI, zina pampu ya pili yenye presha ya bari mia na zaidi. Hiyo ukiifungua ovyo inaweza kukudunga mafuta chini ya ngozi. Hizo waachie wenye vifaa vyake.

Kabla ya kulegeza klampu yoyote, chomoa fyuzi ya pampu, washa injini, iache ife yenyewe, kisha piga stata mara moja tena. Hata hivyo mafuta kidogo yatatoka, kwa hiyo zungushia kitambaa. Weka kizima moto mkono unapofika. Na yule jirani wa kuchomelea vyuma, ambaye kwenye gereji zetu kila mara yuko hatua nne kutoka kwako, mwombe apumzike anywe chai.

Geji kwanza, na Nairobi ina mambo yake

Usianze kutafuta ugonjwa kwa geji ndogo iliyokuja na regyuleta kwenye boksi. Nimeziona mbili za boksi moja zikipishana psi 6 kwenye reli moja. Tumia geji ya gereji unayoiamini, au sensa ya umeme.

Hata geji nzuri yenye mafuta mazito ndani ya kioo inaweza kukudanganya hapa kwetu. Ilizibwa kiwandani, mara nyingi karibu na usawa wa bahari, ambapo hewa ina bari 1.01. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu, hewa yetu ni kama bari 0.83. Ile hewa ya pwani iliyofungiwa ndani ya kasha inasukuma sindano kurudi nyuma, na geji inasoma pungufu kwa karibu psi 2.5. Joto la boneti linaizidishia. Mwenye gari anaona 41 badala ya 43.5, anakaza skrubu, na sasa presha yake halisi imezidi. Dawa yake ni kufungua kile kizibo kidogo cha mpira juu ya kasha lipumue, ukifunge tena. Sekunde tano.

Jambo la pili la mwinuko: watu wanasoma maelezo ya watu wa Japani au Uingereza wakiambiwa injini ikiwaka bila kukanyagwa reli isome psi 34. Hapa itasoma kama 36 au 37, na haina kosa. Hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo vakyumu ya manifoldi ukilinganisha na nje ni ndogo, na regyuleta haishuki sana. Ukilazimisha 34 ya Mombasa huku Nairobi, umeliachia gari mafuta pungufu kila mahali.

Sasa chukua vipimo vitatu na uviandike. Kipimo cha kwanza: injini inawaka, mpira wa vakyumu umeng'olewa kwenye regyuleta na mdomo wa manifoldi umezibwa. Hiyo ndiyo presha ya msingi, na hapo ndipo pekee skrubu inapowekwa. Cha pili: rudisha mpira, usikanyage, sindano ishuke papo hapo. Cha tatu: barabarani, gia ya nne, tabo ikipuliza hadi mwisho, reli ipande sawasawa na tabo. Cha tatu ndicho kila mtu anachoruka, kwa sababu kinahitaji sensa yenye waya wa kufika ndani. Tafadhali usipitishe paipu ya mafuta kuingia kwenye kabini ili uone geji. Nimeliona gari la namna hiyo, na mwenyewe alikuwa anavuta sigara.

Moshi mweusi na harufu ya petroli likiwa limesimama

Ng'oa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta, unuse. Ukikuta petroli ndani, kiwambo (utando wa ndani ya regyuleta) kimepasuka na mafuta yanafyonzwa moja kwa moja kuingia manifoldi. Hakuna cha kurekebisha hapo, badilisha kiwambo au regyuleta nzima. Za bei ya kutupa hupasuka mapema.

Mpira ukiwa mkavu, tazama kipimo cha kwanza. Presha ya msingi ikikataa kushuka hata ukiilegeza skrubu hadi inacheza, kosa si regyuleta. Pampu kubwa inaleta mafuta mengi kuliko paipu ya kurudisha inavyoweza kupitisha, na mafuta yanajipanga foleni. Hapo tafuta mahali paliposongwa: paipu iliyokunjika nyuma ya injini, fiti yenye tundu dogo, au regyuleta iliyofungwa kinyume, mlango wa kurudisha ukiwa umewekewa paipu ya kuingiza. Hii ya mwisho msicheke, milango mingi inafanana na herufi zake zimefutika. Jaribio lake ni rahisi: peleka paipu ya kurudisha kwenye mtungi salama kwa muda mfupi. Presha ikishuka ghafla, tatizo liko kati ya regyuleta na tangi.

Kama presha ya msingi iko sawa lakini kipimo cha pili hakishuki, mpira wa vakyumu haupati vakyumu. Umepasuka, umechomekwa upande wa bomba la tabo badala ya manifoldi, au umegawanywa na ti tatu ili ulishe geji ya tabo, vali ya kutoa pumzi na king'ora sijui gani. Regyuleta ipewe mdomo wake peke yake kwenye manifoldi.

Nguvu zinakatika tabo inapoanza kupuliza

Hapa ndipo injini zinapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwenye Forester mmoja alikuja akiwa na hakika ni koili. Plagi mpya, koili mpya, na bado gari lilikuwa likijikwaa kwenye Southern Bypass kila akikanyaga kwa gia ya nne. Likiwa limesimama kila kitu kilikuwa kizuri, msingi 43.5 bila kutikisika. Tukafunga sensa ya umeme, tukatoka. Tabo ilipoanza reli ikapanda hadi bari 3.6, kisha, huku tabo ikiendelea kupanda, presha ikaanza kuteremka: 3.4, 3.1, 2.9. Nikamwambia aachie mafuta kabla hatujasikia pistoni.

Presha inayopanda kidogo kisha kuteremka ni pampu kushindwa kufuata, si regyuleta. Regyuleta ikifika hapo imeshafunga kabisa mlango wa kurudisha na haina la kufanya. Ukikaza skrubu utaongeza msingi, lakini mwisho wa mbio pampu itaanguka pale pale.

Tulianza na umeme kwa sababu ni wa bure kupima. Betri ilisoma volti 13.9 injini ikiwaka. Kwenye plagi ya pampu, chini ya kifuniko cha nyuma, ilisoma 11.8. Volti mbili zilikuwa zimepotea njiani kwenye waya wa kiwandani uliotengenezewa pampu ndogo. Pampu yenye njaa ya umeme inazunguka polepole, na mafuta yake hupungua haraka kuliko unavyodhani. Nikavuta waya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) nyuma, ule waya wa zamani ukabaki wa kuamrisha rilei tu. Na waya wa ardhi mpya pia. Watu hubadilisha wa moto wakasahau kwamba umeme lazima urudi. Kwenye Impreza na Forester nyingi za tabo za miaka ya 2000 kuna pia kiboksi kinachopunguza mwendo wa pampu, theluthi moja, theluthi mbili, kisha kamili kulingana na mzigo. Kikichoka au kiunganishi chake kikiungua, pampu haipewi ile ya kamili.

Tukarudi barabarani. Nafuu, lakini bado ilikuwa ikianguka baada ya bari 3.8.

"Fundi, hii pampu nilinunua miezi mitatu tu iliyopita."

"Pampu siilaumu bado, boss. Tufungue tangi."

Pampu yenyewe ilikuwa nzima. Kipande cha mpira kinachoiunganisha na kifuniko, kama urefu wa kidole, kilikuwa kimevimba na kulainika kama matumbo yaliyochemka tangu alfajiri. Ukikibinya kinatoa ufa wa urefu wa ukucha. Presha ikiwa ndogo ufa unajifunga. Ikipanda unafunguka na kumwaga mafuta ndani ya tangi lile lile, kwa hiyo hakuna tone chini wala harufu nje. Aliyefunga pampu alitumia mpira mzuri wa mafuta, hata umeandikwa wa injekta, lakini ni wa nje. Mpira wa kuzama ndani ya petroli hupigwa chapa ya SAE 30R10. Ule wa 30R9 unastahimili petroli ndani yake, si kuogelea ndani ya petroli pande zote. Wa R10 ni ghali mno kwa kipande kidogo hivyo, na ndiyo maana watu hudanganywa nao. Tulipoweka, na klampu zinazobana duara zima badala ya zile za meno, reli ikafuata tabo hadi bari 4.1 bila kutetereka.

Kama umeme uko sawa na mpira wa ndani ni mzima, endelea na filta ya mafuta, kisha chujio la chini ya pampu, ambalo magari yaliyokaa bandarini muda mrefu huwa nalo likiwa limevaa kutu ya tangi. Pampu bandia zipo, tena nyingi, lakini ukimbilie huko mwisho. Namna ya kuijua bila kubahatisha: kwa presha ya kawaida na volti kamili, peleka mafuta ya kurudi kwenye mtungi uliopimwa kwa sekunde 30, zidisha mara 120. Pampu ya kweli ya lita 255 itakaribia namba yake, ukitoa kidogo injini inachokunywa.

Kuna kisa kinachofanana na hiki ila presha haipandi kabisa tabo ikipuliza, imekaa bari 3 kama imepigwa msumari. Huo ni mpira wa vakyumu kuruka kwenye mdomo wake. Vakyumu inaunyonya ukae, tabo inauvua. Ufunge kwa kibano cha waya.

Robo tangi na kona

Dalili hii imewatesa wengi baada ya kufunga paipu nene za kurudisha. Gari ni zima tangi likijaa. Likifika robo, ukizunguka raundabauti ndefu injini inakohoa. Geji ya dashi bado inaonyesha mafuta yapo.

Na yapo kweli, ila upande mwingine. Tangi la Subaru la magurudumu manne limekaa kama shogi la punda, mifuko miwili, katikati limeinuka kuupisha mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Pampu iko mfuko mmoja. Mafuta ya mfuko wa pili huvutwa na kifyonzi kidogo kisicho na umeme, kinachoendeshwa na nguvu ya mafuta yanayorudi kutoka kwenye regyuleta. Fundi akiamua kurudisha mafuta tangini kwa njia yake mpya, kifyonzi kinakosa kazi na mfuko wa pili unakuwa kisima kisicho na kamba. Rudisha paipu ya kurudi ipite kwenye njia ya kiwandani, au weka pampu ya kuhamisha. Kununua pampu kubwa zaidi hakutasaidia; itamaliza mfuko wake mapema zaidi.

Asubuhi stata ndefu

Presha inapaswa kubaki kwenye reli kwa muda baada ya kuzima. Ikishuka hadi sifuri kwa dakika moja au mbili, washa tena, zima injini na ubane mpira wa kurudisha papo hapo. Presha ikikaa, regyuleta ndiyo inayovujisha. Isipokaa, jaribu tena ukibana mpira wa kuleta mara tu baada ya kuzima. Ikikaa sasa, vali ya pampu ndiyo mbovu. Isipokaa kote kuwili, injekta moja inadondosha, na plagi yake utaikuta nyeusi na yenye maji ya petroli. Bana mipira ya kawaida tu, ile iliyofumwa kwa chuma inavunjika ndani. Na kamwe usibane ya kurudisha pampu ikiwa inazunguka.

Nyongeza: regyuleta nyingi za kurekebishika hazishiki presha vizuri zikizimwa hata zikiwa mpya. Kama gari linawaka kwa sekunde moja zaidi na vipimo vyote vitatu ni safi, mimi naliacha.

Presha ni sahihi, mchanganyiko si sahihi

Ukibadilisha presha ya msingi, kompyuta ya gari haijui. Bado inahesabu kana kwamba ni bari 3. Ukichomeka kifaa cha kusoma na kukuta inajipunguzia mafuta karibu asilimia 8 siku nzima, hiyo ni alama ya bari nusu iliyozidi. Kwenye mwendo wa kawaida itajirekebisha. Ukikanyaga hadi mwisho inaacha kujirekebisha, na hapo ndipo moshi au uhaba unapojitokeza. Tena injekta huchelewa zaidi kufunguka presha ikiwa kubwa, kwa hiyo hesabu ya muda wake nayo inahitaji kuguswa na anayetuni. Funga geji ya hewa na mafuta kwenye ekzosti; tabo ikipuliza, kwa petroli yetu, wengi hulenga 11 na kitu, yaani sehemu 11 za hewa kwa moja ya mafuta. Ukiona 13 achia mguu.

Na kama geji zote ni nzuri lakini injini inagonga, mimi humwaga tangi kabla ya kugusa kitu, maana huenda petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa wanaoyachanganya na mafuta ya magari. Injini ya tabo inaonja tofauti hiyo kabla ya dereva.

Sindano inayotetemeka kama ina homa ukikanyaga taratibu ni mapigo ya injekta, hasa kama kidamu (kifaa cha kutuliza mapigo ya mafuta) cha kiwandani kilitolewa ili reli mpya ikae. Kirudishe, usikaze skrubu kuituliza.

Vipimo vyote vikikubali, funga nati ya skrubu na upige mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa regyuleta. Yule wa Forester alirudi baada ya wiki tano, gari linatoa moshi. Nilifungua boneti nikaangalia mstari: nusu moja ilikuwa inatazama betri, nusu nyingine inatazama tabo.

"Nani ameigusa?"

Akatazama viatu vyake. "Ni binamu yangu, fundi. Alisema ataongeza nguvu kidogo."

Niliirudisha mstari ukutane, nikang'oa mpira, 43.5. Moshi ukaisha hapo hapo.